UZI: RunX Z na Allex RS180 (2ZZ-GE) – heda, ekzosi na kamshafti. Uanze na kipi, uache kipi?

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Swali hili linarudi kila mara kwa sura tofauti: "Nina RunX Z, nimeshafunga chujio la hewa, sasa nataka kamshafti kubwa na ekzosi ya inchi tatu, nani anauza?" Majibu yanakuwa bei na maduka. Suala lenyewe halijadiliwi. Naomba tulijadili hapa kwa kirefu, kwa sababu injini hizi zinaumizwa sana na vifaa vizuri vilivyofungwa kwa mpangilio mbaya.

Nazungumzia injini ya 2ZZ-GE peke yake, yaani Toyota zenye chasi ZZE123: RunX Z Aerotourer na pacha wake Allex RS180. Wenye injini ya 1NZ ya lita 1.5, ambao ndio wengi barabarani, nitawafikia mkiuliza. Hii 2ZZ Toyota waliitengeneza pamoja na Yamaha. Ni cc 1,795, kipenyo cha silinda milimita 82 kwa mwendo wa pistoni 85, mgandamizo 11.5 kwa 1. Kwa soko la Japani ilitoka na PS 190 kwenye mizunguko 7,600 kwa dakika, na toki (nguvu ya kuzungusha) ya Nm 180 kwenye 6,800. Ndiyo hiyohiyo iliyokuwa kwenye Celica, kwenye Corolla T-Sport za Ulaya na RunX 180 RSi ya Afrika Kusini, na Lotus wakaiweka kwenye Elise na Exige. Zishikeni hizo 7,600 na 6,800. Injini hii imepangwa ifanye kazi juu, na uamuzi wowote wa ekzosi (mabomba ya moshi) au kamshafti (shafti yenye nundu zinazofungua valvu) unaanzia hapo.

Sasa jambo ambalo wengi wanalipita. Gari hii imetoka kiwandani ikiwa na kamshafti mbili ndani ya moja. Kila silinda ina nundu ndogo na nundu kubwa, na roka (mkono unaobonyeza valvu) moja inasukuma valvu mbili kwa pamoja. Chini ya mizunguko kama 6,200, rola ya roka inafuata nundu ndogo, na nundu kubwa inabonyeza kipande kinachocheza bure, haifanyi kazi yoyote. Ukivuka hapo kompyuta inaruhusu presha ya oili isukume kipini chini ya kile kipande. Kikishakamatwa hakichezi tena, na nundu kubwa ndiyo inayofungua valvu. Hiyo ndiyo "lifti", pale sauti inapobadilika ghafla na gari linaamka. Injini ikiwa bado baridi lifti haifunguki, na hilo si ugonjwa.

Kwa hiyo kamshafti kali unayo tayari. Shida yako ni kwamba inachelewa kuingia, na gia boksi inakutoa humo kila ukibadilisha.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Gia boksi ya C60 ya spidi 6 ina uwiano huu: ya kwanza 3.166, ya pili 2.050, ya tatu 1.481, ya nne 1.166. Ukivuta mpaka 8,000 ukatia ya pili, mizunguko inaangukia kama 5,180. Kutoka ya pili kwenda ya tatu unaangukia kama 5,780. Kutoka ya tatu kwenda ya nne, kama 6,300. Maana yake gia mbili za mwanzo, zile unazozitumia kila siku, zinakuangusha chini ya lifti kila mara, na unasubiri gari lipande tena kabla halijaanza kuvuta. Ni kuanzia ya nne tu ndipo unabaki ndani. Ukifunga kamshafti inayosogeza nguvu juu zaidi bila kugusa jambo hili, umelipa fedha kukuza hilo shimo.

Ndiyo maana msimamo wangu ni huu: kwa 2ZZ isiyo na supachaja (kifaa cha kusukuma hewa kwenye injini), inayotembea barabarani, heda (mabomba ya kwanza yanayopokea moshi kutoka kwenye injini) na rimapu (kupanga upya kompyuta ya injini) ya kushusha lifti vinatangulia. Kamshafti za kununua zinakuja mwisho, na wengi wetu hatutazihitaji kabisa.

Kwa nini heda? Valvu ya ekzosi ikifunguka, wimbi la presha linakimbia ndani ya bomba. Likifika pale mabomba yanapokutana linarudi nyuma likiwa wimbi la kunyonya. Kuna kipindi kifupi ambapo valvu za kuingiza na za kutoa ziko wazi kwa pamoja. Wimbi likifika kwenye valvu kipindi hicho, linafyonza mabaki ya moshi na kuvuta hewa mpya nyuma yake. Likiwahi au likichelewa, silinda inabaki na moshi wa zamani. Kwenye mizunguko 7,000 mzunguko mmoja wa kranki unachukua milisekunde 8.6 hivi, kwa hiyo tofauti ya sentimita chache za bomba inasomeka kwenye daino (mashine ya kupima nguvu ya gari). Urefu wa kipindi cha kupishana unaamuliwa na kamshafti. Muda wa wimbi kurudi unaamuliwa na urefu wa bomba. Mtu anayekuuzia kimoja bila kukuuliza kuhusu kingine anakuuzia chuma tu.

Bomba refu la kwanza linasaidia mizunguko ya chini na ya kati, fupi linasaidia juu. Muundo wa 4-2-1 unapanua eneo lenye toki. Wa 4-1 unatafuta kilele. Kwa gia boksi yenye mianguko niliyoitaja, na kwa gari la kwenda kazini, mimi ni mtu wa 4-2-1.

Angalizo la ununuzi: heda ya Celica haimaanishi itakaa kwenye RunX kwa sababu injini ni namba moja. Mwili ni mwingine, na heda iliyochorwa kwa gari la usukani wa kushoto inaweza kukutana na vyuma vya usukani wetu wa kulia. Za RSi ya Afrika Kusini ziko karibu zaidi na gari letu. Pima kabla ya kulipa.

Bomba lenyewe: inchi 2.25 mpaka 2.5 zinatosha kabisa kwa injini hii bila supachaja. Inchi tatu inapunguza mwendo wa moshi, inaongeza kelele na uzito, na haikupi kitu. Wekeni rezoneta (chombo cha kupunguza mlio) katikati. Mlio unaofurahisha mtaani kwa dakika tano unakuwa adhabu kutoka Chalinze mpaka Dodoma ukiwa umeshika mwendo mmoja.

Rimapu: michoro miwili ya nguvu ipigwe kwenye daino, mmoja lifti ikiwa imefungwa na mmoja ikiwa imefunguliwa mapema, halafu ulazwe mmoja juu ya mwingine. Pale inapokatana ndipo lifti iwekwe. Ikiwa heda ni nzuri, makutano yanashuka chini ya 6,200 ya kiwandani. Ukiipata kwenye 5,700 hivi, ule mwanguko wa pili kwenda tatu wa 5,780 umeingia ndani ya lifti. Hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote utakayohisi kwenye kiti, na hakuna aliyegusa kamshafti. Msiteremshe namba kwa kukisia: lifti ikifunguka mapema kuliko makutano, gari linapoteza nguvu hapohapo hata kama sauti ni tamu.

Karibuni.

Mdau wa Arusha

Asante mkuu kwa uzi. Gari langu nililitoa Dar mwaka jana, na tangu nifike huku halivuti kama zamani. Fundi ameniambia ekzosi imeziba, nikate masega (kifaa cha kusafisha moshi kwenye ekzosi). Nifanye?

Mleta uzi

Ndugu, usikate chochote kabla ya kupima. Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari. Presha ya hewa hapo ni kama asilimia 85 au 86 ya ile ya Dar, na injini isiyo na tabo (turbo) inapoteza nguvu karibu kwa kiwango hichohicho. Gari la HP 190 pwani linakuwa la 160 na kitu huko kwako hata likiwa zima kabisa. Nairobi ni zaidi, maana wako kama mita 1,800.

Masega yaliyoziba yanapimika. Fundi afungue sensa ya oksijeni ya mbele, afunge geji ya presha kwenye tundu lake, mwingine apandishe mizunguko. Presha ikipanda sana, kweli yameziba. Isipopanda, fundi anakisia kwa fedha yako. Na masega yakiondolewa, sensa ya nyuma itawasha taa na kukupa msimbo wa hitilafu P0420, mbali na moshi ambao watu wengine wanauvuta. Yakithibitika kuziba, weka masega ya chuma yenye matundu makubwa, yanapitisha vizuri sana.

Mdau wa Nairobi

Niko na Allex RS180, niko Nairobi. Heda iko ndani, ECU (kompyuta ya injini) ya kuprogramu iko ndani, imefanyiwa tuning kwa dyno huku na inatoka vizuri. Disemba nashuka Mombasa na familia. Kuna kitu ya kuangalia?

Fundi wa Tabata

Mkuu wa Nairobi, hilo ni swali muhimu kuliko unavyodhani, niruhusu nilijibu mimi kwa sababu nimeona matokeo yake.

Ramani ya kompyuta ni jedwali: upande mmoja mizunguko, upande mwingine mzigo wa hewa. Nairobi ukizamisha mguu wote, hewa inayoingia inaishia kwenye presha kama kilopaskali 82. Mistari ya juu ya hapo, mpaka 101 ya pwani, gari lako halijawahi kuigusa. Kwa hiyo aliyeituni hakuipima, hakuweza. Ameijaza kwa kukadiria, au ameiacha ilivyokuja. Ukifika Mariakani ukazamisha mguu kuipita lori, injini yenye mgandamizo wa 11.5 kwa 1 inaingia kwenye mistari hiyo kwa mara ya kwanza, hewa ni ya moto, na inaanza kugonga (mafuta yanawaka ovyo ndani ya silinda). 2ZZ ikigonga kwenye 7,000 husikii kwa ajili ya kelele za lifti. Unakuja kuona pistoni imeharibika.

Mwambie aliyekutunia apunguze taimingi ya moto kwenye mistari yote iliyo juu ya ile mliyoipima na aongeze mafuta kidogo. Au ushuke taratibu, upate mtu wa kuimalizia pwani. Na petroli weka ya okteni ya juu kabisa unayoipata njiani. Japani gari hii ilitoka ikitakiwa kutumia petroli ya daraja la juu.

Mdau wa Nairobi

Ndugu, shukran sana. Hakuna mtu amewahi kuniambia hii. Nampigia simu leo.

Mdau wa Kinondoni

Mleta uzi, kwenye 4-2-1 sikubaliani na wewe. Nina 4-1, nina karatasi ya daino, na kilele changu ni kikubwa kuliko cha jamaa mwenye 4-2-1 aliyepima siku hiyohiyo. Namba hazidanganyi.

Mleta uzi

Kaka, karatasi yako naiamini. 4-1 iliyotengenezwa vizuri inashinda kileleni, na kama gari lako unalipeleka kwenye mashindano ya mstari mnyoofu ukabadilisha gia kwenye 8,200, endelea nayo. Naomba uangalie kitu kingine kwenye karatasi hiyohiyo: soma toki kuanzia 5,000 mpaka 6,000, linganisha na ya jamaa yako. Hapo ndipo unapoangukia ukitoka ya kwanza kwenda ya pili. Kilele unakaa nacho sekunde moja. Ikiwa yako iko juu hata hapo, weka picha, na mimi nitajifunza kitu.

Mdau wa Kinondoni

Hapo kati yake iko juu. Tofauti ndogo, lakini iko juu. Nimekuelewa, ila kwangu mimi mbio ni mstari mnyoofu.

Mwenye Glanza

Wakuu na sisi wa Starlet Glanza V mtukumbuke. Injini ya 4E-FTE, ekzosi ya kiwandani, tabo ya kiwandani. Kamshafti za injini ya 5E zinaingia, nimeambiwa nianze nazo.

Fundi wa Tabata

Kwa tabo mpangilio ni mwingine kabisa, usichanganye na haya ya 2ZZ. Kwenye Glanza kizuizi kikubwa kiko nyuma ya tabo, kuanzia bomba linaloshuka kutoka kwenye tabo yenyewe. Hapo bomba kubwa ni faida tupu, kwa sababu ile hesabu ya wimbi inavurugwa na gurudumu la tabo. Tofauti ya presha kati ya mbele na nyuma ya tabo ikiwa kubwa, tabo inaamka mapema.

Lakini sikiliza sehemu ya pili. CT9, tabo ya kiwandani ya Glanza, ni ndogo na mlango wake wa kupunguzia presha ni mdogo. Ukifungua ekzosi yote, mlango unashindwa kupitisha moshi wa kutosha, na presha inapanda yenyewe bila wewe kuomba. Kompyuta ya kiwandani ikiona imezidi kiwango chake inakata mafuta, na gari linagonga kichwa kama limepiga ukuta. Watu wanatafuta kifaa cha kuidanganya kompyuta isikate. Usifanye hivyo! Ile kata inalinda injini ya cc 1,331 yenye umri mkubwa. Funga geji ya presha siku hiyohiyo unayofunga bomba, na panua tundu la mlango.

Kamshafti baadaye sana. Kumbuka pia 4E ni hedi ya valvu zenye pembe nyembamba. Mkanda unazungusha kamshafti moja, na hiyo inazungusha ya pili kwa gia yenye springi ndani. Gia hiyo inatakiwa ifungwe kwa bolti kabla ya kutoa kamshafti. Mafundi wengi wanairuka hatua hiyo, halafu wanashangaa kelele.

Mwenye Golf

Golf GTI Mk5, 2.0 TFSI ile ya mkanda. Rimapu ipo. Bomba la kushuka au kamshafti?

Fundi wa Tabata

Bomba la kushuka. Kamshafti uliyonayo iangalie tu isife: pampu ya petroli ya presha kubwa inasukumwa na kamshafti kupitia kikombe kidogo, na kikombe hicho kinalika. Kikitoboka kinaila kamshafti yenyewe. Kutoa pampu na kukitazama ni kazi fupi, kifanyie hivyo kila ukibadilisha oili mara mbili tatu.

Mdau wa Morogoro

Mleta uzi umesema kamshafti mwisho, lakini hujasema lini mwisho. Mimi heda ninayo, rimapu ninayo, lifti iko 5,700. Nataka kuendelea.

Mleta uzi

Sawa mkuu, tuseme umefika.

Kwanza, kabla hujanunua, toa kava ya valvu uzitazame kamshafti ulizonazo. Nundu kubwa ya 2ZZ haina rola, inasugua kipande kwa kuteleza. Oili ikiwa duni au ikipungua, ile nundu inalika, na nimeona gari ambalo mwenyewe anatafuta kamshafti kubwa wakati za kiwandani zimebaki nusu. Ukikuta mikwaruzo au kingo zimechakaa, kamshafti nzima za asili ndiyo hatua yako inayofuata.

Pili, springi. Kamshafti yoyote inayoinua valvu zaidi au kwa kasi zaidi inataka springi ngumu kuliko za kiwandani, pamoja na vishikio vyake. Springi dhaifu kwenye 8,500 zinaacha valvu ielee, na pistoni inaikuta iko chini. Ukiona mtu anakuuzia kamshafti bila springi, ondoka.

Tatu, nafasi kati ya valvu na pistoni. Inapimwa kwa udongo laini juu ya pistoni, injini inazungushwa kwa mkono. Na kwa sababu kamshafti ya kuingiza inasogezwa na VVT (mfumo wa kubadilisha wakati wa kufungua valvu), pima ikiwa imesogezwa mpaka mwisho wake, au kompyuta izuiwe isiisogeze kiasi hicho.

Nne, pampu ya oili. Gia zake haziponi ukikosea gia kwa kwenda chini na injini ikapitiliza mizunguko. Ukipandisha kikomo umeikaribia hatari hiyo zaidi, kwa hiyo gia imara za pampu ziingie kwenye bajeti ileile. Na kama silinda zimechakaa, simama. Kuta za 2ZZ zina mchanganyiko maalumu wa alumini na nyuzi ngumu, si slivu (bomba la ndani la silinda) za chuma za kawaida. Huwezi kuzipeleka mtaa wowote zikachongwa kama za 1NZ. Zinataka slivu mpya na mtu anayejua.

Ukijumlisha hayo yote, utaona kwa nini watu wengi wanarudi kwenye wazo la supachaja. Toyota wenyewe walipotaka T-Sport yenye nguvu zaidi Ulaya, waliiwekea supachaja.

Ukiamua kununua hata hivyo, chagua zile zilizokuza nundu ndogo pamoja na kubwa kwa kiasi. Zile kali sana za juu zitaongeza kilele na kukurudishia shimo la gia ya pili tulilolitoa. Na heda lazima iangaliwe upya pamoja nazo.

Mwenye 1NZ

Na sisi wa RunX ya 1.5?

Mleta uzi

Ndugu yangu, injini yako ni ya HP 110 hivi. Ekzosi itakupa sauti na pengine HP chache. Plagi nzuri, breki nzima, matairi mazuri na shokamzoba mpya utazihisi kila siku. Sikukatishi tamaa, gari lako lina chasi nzuri sana kwenye kona.

Mdau wa Morogoro

Nimefungua kava leo. Nundu ziko safi. Lakini jana nilikuwa nimeanza kuhisi lifti haifunguki, nilidhani ni rimapu.

Fundi wa Tabata

Kabla ya rimapu tazama bolti mbili zinazoshika shafti za roka, moja upande wa kuingiza, moja upande wa kutoa. Za injini za miaka ya mwanzo zinakatika, presha ya oili inavujia hapo, na kipini hakisukumwi. Gari linatembea kawaida kabisa mpaka 6,000, halafu linakufa. Toyota walizibadilisha muundo baadaye. Ni spea ya bei ndogo, na kava umeshaifungua. Safisha na kile kichujio kidogo cha valvu ya oili, uchafu ukijaa pale dalili ni hizohizo.

Mdau wa Morogoro

Ya upande wa kuingiza imekatika. Kichwa kimebaki mkononi.

Fundi wa Tabata

Kitoe kile kipande kilichobaki ndani kwa uangalifu, kisidondokee kwenye cheni. Nunua zote mbili mpya za muundo wa baadaye, usibadilishe moja. Funga kwa spana ya kupimia, si kwa nguvu ya mkono. Badilisha oili kabla ya kuwasha, halafu urudi hapa utuambie inaingia kwenye ngapi.

Mdau wa Morogoro

Sawa mkuu. Bolti naagiza kesho asubuhi Ilala, Jumamosi naifunga.